Hela ya chakula inavyopotea kati ya kapu na sahani: daftari letu la wiki nne na ratiba iliyotutoa

Baba Daftari (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo nimeona nilete suala la chakula cha nyumbani, maana kila likiguswa tunaishia kulaumu bei. Bei zinapanda, hilo hakuna anayebisha. Ila kwangu hela nyingi ilikuwa inapotelea kwingine kabisa, na nisingejua kama nisingeandika.

Nyumbani tuko watano: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi na watoto wawili, mmoja ana miaka 11 na mdogo ana 6. Mke wangu alipopangiwa zamu za usiku, jiko likawa langu siku nne au tano kwa wiki. Kabla ya hapo mimi nilikuwa mtu wa kutoa hela ya matumizi na kuuliza "imeisha tayari?" Nilipoishika mwenyewe iliisha siku ya tano. Usiku ule nilikaa mezani nikihesabu imekwenda wapi, sikupata jibu. Asubuhi aliporudi kutoka kazini nilimwomba radhi kwa maswali yote ya nyuma.

Nikachukua daftari. Kwa wiki nne niliandika kila kilichonunuliwa cha kuliwa, hata kama ni vitunguu viwili. Mama akaniambia niongeze safu nyingine pembeni, ya vilivyotupwa: kila kinachokwenda kwenye ndoo ya taka kiandikwe kwa jina na kipimo. Nusu kabichi. Sahani mbili za wali. Vipande sita vya mkate. Safu hiyo ilinifungua macho kuliko ile ya manunuzi.

Wiki nne zilipoisha tukakuta tumetoka kwenda kununua mara 31. Safari za mpango, za kapu kubwa, zilikuwa nne tu. Hizo 27 nyingine ni zile za "ngoja nikimbie mara moja". Umefuata nyanya, unarudi na nyanya, biskuti, soda na kitu ambacho tayari kipo kabatini. Karibu theluthi ya hela yote ya chakula iliondokea huko.

Siku ya kujumlisha nilivuta droo ya chini ya friji. Kulikuwa na kabichi ambalo majani yake ya nje yameshakuwa ute wa kahawia, karoti tatu zinazopinda kama kamba, na chini kabisa mfuko wa njegere ambao haujafunguliwa. Kwenye rafu ya juu palikuwa na mfuko mwingine wa njegere zile zile, tulioununua siku mbili kabla kwa kuwa ule wa kwanza hakuna aliyeuona. Tulilipa mara mbili, tukala mara moja.

Nilidhani ni uzembe wetu peke yetu. Baadaye nikasoma ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP. Inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani, si mahotelini wala madukani. Wastani wa majumbani ni kilo 79 kwa mtu mmoja kwa mwaka, ukihesabu na maganda na mifupa. Nikazidisha kwa watu watano. Kilo 395. Nikaelewa kwa nini ndoo yetu ilikuwa inajaa kila baada ya siku mbili.

Sasa tunachofanya.

Jumamosi jioni, kabla ya kuandika chochote cha kununua, tunafungua friza, friji na kabati. Mtoto mkubwa anasoma kwa sauti, mimi naandika. Kilicho karibu kuharibika kinaandikwa juu kabisa na ndicho kinachoamua mlo wa Jumapili na Jumatatu. Zamani nilikuwa naanza na hamu, yaani naamua tunataka kula nini, halafu nanunua vyote. Sasa naanza na kilichopo, nanunua kinachopungua. Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote na halina gharama yoyote.

Halafu ratiba. Napanga milo ya jioni mitano tu, si saba. Niliwahi kupanga saba, ikavunjika kila wiki: siku moja mtu anarudi na uchovu, siku nyingine tunaalikwa. Mbili zilizobaki, moja ni ya kiporo na moja iko wazi.

Wiki hii iko hivi. Jumapili kuku mzima wa kuoka na viazi, na wakati huo huo sufuria kubwa ya maharage iko jikoni, kilo moja ya makavu, ambayo yakiiva yanazidi kilo mbili. Jumatatu wali na maharage ya kuunga. Jumanne tambi na nyama ya kuku iliyochambuliwa mifupani. Jumatano supu: mifupa ya yule kuku, karoti, viazi, na maharage kidogo ya kuipa uzito. Alhamisi mayai na kabichi la kukaanga. Ijumaa kila kilichobaki kinawekwa mezani, maharage ya mwisho yanapondwa na kupakwa kwenye mkate. Jumamosi wazi.

Kingine ni kipimo. Tulikuwa tunapika vikombe vitano vya mchele kwa mazoea tu, tangu enzi shemeji zangu wakiishi nasi. Kikombe kimoja cha mchele mkavu kinatoa kama vikombe vitatu vya wali. Kwa watu watano, wawili wakiwa watoto, vikombe vitatu vya mchele vinatosha kabisa na sahani ya mmoja kwenda nayo kazini inabaki. Hapo hapo vikombe viwili vikaokoka kila tukipika wali.

Hela yenyewe iko kwenye bahasha tatu. Moja ya vikavu vya mwezi mzima (mchele, maharage, unga, mafuta, sukari, chumvi), moja ya vibichi vya wiki, na moja ndogo ya Jumatano kwa ajili ya kilichopungua. Bahasha ya Jumatano ikiisha, imeisha, tunapika kilichopo.

Huu ni mwezi wa tatu tangu tuanze. Safari zimeshuka hadi tisa kwa mwezi, na hela ya chakula imepungua kama robo bila kupunguza matunda wala mboga. Hivyo sikubali kuvigusa. Shirika la Afya Duniani linasema angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kwa mtu mzima, na nyumba nyingi zikibana bajeti ndiko zinakoanza kukata.

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu mtuongezee.

Mama Mapacha

Kaka, ubarikiwe. Hiyo safu ya vilivyotupwa naianza leo leo.

Kwangu shida ni watoto kukataa kiporo. Wana miaka 8, wakiona chakula cha jana wanasema wameshiba. Nyie mnafanyaje? Nilichogundua mimi ni upande wa sahani: nilikuwa napakua kama wanavyokula watu wazima, wanaacha nusu, na kilichoachwa kwenye sahani hakina tena pa kwenda. Sasa napakua kidogo, anayetaka anaongeza. Kinachobaki kinabaki kwenye sufuria, kisafi, na kesho kinaliwa.

Kijana wa Chumba Kimoja

Nafuatilia kwa karibu sana. Mimi niko peke yangu na sina friji. Hii inanihusu vipi?

Kibarua wa Siku

Mkuu, uzi wako ni mzuri lakini naomba nitofautiane na wewe kidogo.

Mambo ya bahasha tatu na vikavu vya mwezi ni ya mtu anayepokea mwisho wa mwezi. Mimi napata kwa siku. Kuna siku napata, kuna siku sipati. Jioni nikirudi na hela ya siku hiyo ndiyo ya kununua cha siku hiyo: mchele wa kupima, mafuta kidogo, nyanya tatu. Najua vizuri kwamba kidogo kidogo ni ghali kuliko jumla. Hakuna anayenifundisha hilo, nalilipia kila siku. Safari zangu ni 30 kwa mwezi na si kwa sababu ya kukosa mpango. Ukiandika kwamba safari nyingi ni hela inayopotea, mtu kama mimi anasoma kama vile anaambiwa ni mzembe.

Sijakasirika. Ila lisemwe.

Baba Daftari

Kibarua, ndugu yangu, umesema kweli na nimeipokea. Niliandika kutoka mahali pangu nikasahau kwamba si kila mtu ana pa kusimama kama mimi. Hizo 27 zangu zilikuwa za kutojua kilichomo kabatini. Zako ni za kipato, ni jambo lingine kabisa. Nakuomba radhi.

Wenye kipato cha siku ambao wamepata namna, tafadhali wachangie hapa. Mimi si mtu sahihi wa kulijibu.

Jikoni Saa Zote

Kibarua, mimi nimeishi hivyo miaka sita, nikifua nguo za watu. Sikupi maneno, nakupa nilichofanya.

Siku iliyokuwa nzuri kuliko kawaida, sikuongeza kitoweo. Nilinunua kitu kimoja kikavu zaidi ya mahitaji ya siku hiyo. Kimoja tu. Leo nusu kilo ya maharage, wiki ijayo chumvi pakiti nzima, siku nyingine mafuta chupa. Nilikuwa na kopo moja chini ya kitanda. Ilichukua kama miezi miwili kopo lile kuwa na kitu cha siku tatu. Kuanzia hapo, siku ya kukosa ikawa siku ya kufungua kopo badala ya siku ya kukopa, na hilo ndilo lilibadilisha maisha yangu. Ukikopa chakula unalipa chakula cha jana kwa hela ya leo, hutoki.

La pili, tulikuwa majirani watatu. Tukachanga, tukanunua gunia moja la mchele, tukagawana kwa kipimo kimoja mbele ya wote. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angeliweza peke yake. Lakini chagua watu wa kuaminika na mgawane siku hiyo hiyo, msiweke kwa mtu.

Mpenda Hesabu

Nakazia kwa Jikoni Saa Zote. Niongeze: kubwa si mara zote rahisi. Gawanya bei kwa uzito ujue kilo moja inakugharimu ngapi. Tuseme pakiti ya nusu kilo ni 30, na mfuko wa kilo mbili ni 130. Wa kwanza kilo yake ni 60, wa pili ni 65. Macho yanaona mfuko mkubwa, mkono unaubeba. Nimekuta hivi zaidi ya mara moja kwenye sabuni, mchele na maziwa ya unga. Simu ina kikokotoo, tumia.

Na mnunue kwa kuangalia kinachofika kwenye sahani. Nyama ikipikwa huweza kupoteza kama robo ya uzito wake, na mfupa uliulipia kwa bei ya nyama. Mfupa ukichemshwa supu, umeurudisha. Ukiutupa, kilo yako haikuwa kilo.

Moto nao ni sehemu ya bei ya chakula, wengi hawauhesabu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva kwa muda mfupi zaidi kuliko makavu. Funika sufuria. Maji yakishachemka punguza moto, maana maji yanayotokota kwa fujo na yanayotokota taratibu yana joto lile lile, unachopoteza ni gesi na mvuke.

Zamu ya Usiku

Habari zenu. Mimi ni muuguzi. Baba Daftari, nimeupenda uzi wako na ndiyo maana sitanyamaza: kwenye ratiba yako kuna mahali panaponitia hofu.

Maharage yaliyopikwa Jumapili yasiliwe Ijumaa kutoka kwenye friji. Chakula kilichopikwa ni siku tatu, mwisho nne, na hapo friji iwe chini ya nyuzi 5. Rekebisha hivi: Jumapili hiyo hiyo gawa sufuria. Nusu friji kwa ajili ya Jumatatu na Jumatano, nusu friza, utoe Alhamisi usiku uhamishie friji yayeyuke humo humo. Mifupa ya kuku ichemshe Jumapili au igandishe, isikusubiri mpaka Jumatano.

Pili, wali. Hukusema unawekaje ule wa kwenda nao kazini, lakini nyumba nyingi unaachwa kwenye sufuria mpaka asubuhi. Kwenye mchele kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa kwenye joto la chumba zinaamka, zinaongezeka na kutoa sumu, na ile sumu ya kutapisha haiondoki hata ukiupasha moto sana. Kwa hiyo "nitaupasha vizuri" haisaidii hapo. Utandaze kwenye chombo kipana upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kesho yake pasha mpaka uwe wa moto kabisa katikati, nyuzi 70 au zaidi, na upashwe mara moja tu.

Tatu, maharage mekundu. Mabichi yana sumu ya asili, na punje nne au tano zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu mzima. Loweka angalau saa tano, mwaga maji yale, weka mapya, chemsha kwa moto mkali wa kutokota si chini ya nusu saa, ndipo uendelee taratibu. Nasisitiza kwa sababu ya wenye vyungu vya umeme vya kupika polepole: joto lile dogo haliui sumu, linaweza hata kuiongeza. Chemsha kwanza kwenye sufuria.

Niliwahi kupokea familia nzima usiku mmoja, baba, mama na watoto watatu, kwa chakula ambacho mama alikiokoa kisitupwe. Alilia kuliko alivyoumwa. Kuokoa chakula ni jambo jema, ila kuna chakula ambacho kutupwa ndiko nafuu.

Baba Daftari

Dada muuguzi, asante sana. Wali ulikuwa unalala kwenye sufuria, nakiri. Leo nimetoa trei pana ya kuokea, nimeutandaza, robo saa tu mvuke umeisha, ukaingia kwenye friji. Na ratiba nimeibadilisha kama ulivyosema: maharage ya Ijumaa yako friza kwenye kopo lenye tarehe. Naandika tarehe kwa kipande cha karatasi ya gundi, maana kila kitu kikiganda kinafanana.

Mama Mapacha, kuhusu kiporo: kwetu hakiliwi kikiwa na sura ya jana. Kuku wa Jumapili akirudi Jumanne akiwa kuku, watoto wanagoma. Akirudi ndani ya tambi hakuna anayeuliza. Wali unakaangwa na yai, karoti na kitunguu. Viazi vinapondwa. Na Ijumaa ya kiporo tumeifanya siku ya watoto kuchagua: vyote vinawekwa mezani kwenye vibakuli na kila mtu anajipakulia anachotaka. Mdogo anaisubiri Ijumaa kuliko Jumapili.

Jikoni Saa Zote

Kijana wa Chumba Kimoja, usipite bila jibu. Bila friji kinachokusaidia ni kuchagua vinavyovumilia. Kabichi zima lisilokatwa, karoti, viazi, vitunguu, boga. Ukila kabichi chambua majani kutoka nje, usilikate katikati, litakaa siku nyingi zaidi. Viazi viweke gizani penye hewa, vikipata mwanga vinageuka kijani na kuwa vichungu, na ule ukijani si wa kula. Vitunguu viwe mbali na viazi, vikikaa pamoja vinaharibiana. Ndizi na nyanya zilizoiva usiziweke na mboga za majani, zinatoa gesi ya kuivisha ambayo inaharibu majani upesi.

Mayai nunua kwa idadi ya siku zako. Pika cha kuisha siku hiyo. Na maharage ukishayachemsha, usiweke akiba ya kesho bila friji, pika kikombe kimoja.

Mpenda Hesabu

Swali kwa wote: kuna asilimia maalumu ya kipato inayotakiwa kwenda kwenye chakula? Nakutana na namba nyingi mtandaoni.

Dada Mkubwa

Mpenda Hesabu, mimi nilisomea uchumi, nikujibu. Hakuna namba moja inayofaa nyumba zote. Mwaka 1857 mtakwimu wa Ujerumani, Ernst Engel, alichambua bajeti za familia za wafanyakazi akaona kwamba kadiri kipato kinavyokuwa kidogo ndivyo sehemu yake inayokwenda kwenye chakula inavyokuwa kubwa, na bado jambo hilo linaonekana karibu kila nchi. Maana yake ni kwamba nyumba inayotumia nusu ya kipato kwa chakula huenda inakula kwa uangalifu mkubwa kuliko inayotumia sehemu ya kumi. Asijione mkosaji mtu kwa sababu ya asilimia aliyoisoma mahali. Linganisha nyumba yako ya mwezi huu na nyumba yako ya mwezi uliopita, basi.

Nina jambo la pili na ndilo lililonileta. Baba Daftari alisema alimwomba mkewe radhi, tukapita haraka. Mimi nimepika miaka 22. Kupika hakujawahi kunichosha kama kuwaza. "Leo tunakula nini?" inaanza saa kumi na moja alfajiri na haiishi. Unakumbuka kwamba vitunguu vimebaki viwili, kwamba huyu hali samaki, kwamba yule ana mtihani, kwamba gesi inaelekea mwisho, yote hayo kichwani na hakuna anayeyaona. Hela ikiisha, unaulizwa wewe. Ratiba iliyobandikwa ukutani inaokoa hela, sawa, lakini kwangu thamani yake ni kwamba ile kazi ya kichwani imetoka nje, kila mtu anaisoma. Mume wangu alipoona kwa mara ya kwanza nimeandika kila kitu, alisimama pale mlangoni muda mrefu. Siku hizi anayetangulia kufika nyumbani ndiye anayewasha jiko, haulizwi mtu.

Mama Mapacha

Dada Mkubwa, umenitoa machozi. Hiyo ya alfajiri ndiyo maisha yangu.

Baba Daftari

Dada, nimemsomea mke wangu ulichoandika. Alinyamaza kidogo akasema, "Mwambie na kukumbuka chumvi." Tukagundua kwamba hata baada ya daftari, bado yeye ndiye alikuwa anakumbuka vinavyoisha polepole: chumvi, viungo, majani ya chai, kiberiti. Tumetundika karatasi kwenye mlango wa kabati. Anayefikia robo ya mwisho ya kitu anaandika, awe mtoto awe bibi.

Zamu ya Usiku

Nyongeza fupi kuhusu tarehe kwenye pakiti, watu wanatupa vingi kwa kutozielewa. "Bora kabla ya" inazungumzia ubora: ladha na ulaini. Tambi, mchele, biskuti zikipita hapo kidogo na zimetunzwa vizuri zinaliwa. "Tumia kabla ya" ni ya usalama, iko kwenye nyama, samaki, maziwa mabichi. Hiyo usiibishie hata kama harufu ni nzuri.

Kibarua wa Siku

Wakuu, nimerudi. Siku 16 tangu niandike hapa.

Nimeandika kila siku nyuma ya kalenda. Jambo nililoliona ni mafuta. Nilikuwa nanunua kidogo ya kupimiwa mara nne, mara tano kwa wiki. Alhamisi iliyopita nilipata kazi ya kupakua mizigo siku nzima, nikafanya kama alivyosema dada Jikoni, sikuongeza kitoweo, nikanunua chupa ya lita moja. Leo ni siku ya nane na chupa iko zaidi ya nusu. Hela niliyokuwa naitoa kila jioni kwa mafuta nimeiweka, na jana imetosha choroko kilo moja. Iko kwenye ndoo yenye mfuniko. Mke wangu ameifungua mara mbili kuiangalia.

Jumatatu hakukuwa na kazi, na hatukukopa.

Nauliza: choroko nazo zinalowekwa kama maharage mekundu? Na kwa watu wanne nipike kiasi gani?

Jikoni Saa Zote

Ndugu yangu, nimefurahi mno, sijui nisemeje.

Choroko hazina lazima ya kulowekwa, ila ukiziloweka saa moja mbili utapunguza moto. Kwanza zimwage kwenye sinia uzichambue penye mwanga, huwa zina vijiwe vidogo vya rangi ile ile na vinavunja meno. Zioshe mara mbili. Kwa watu wanne anza na kikombe kimoja na nusu, zinavimba zaidi ya mara mbili. Maji yazidi choroko vidole vitatu, usitie chumvi mpaka zianze kupasuka. Ukiona zimebonyea kwa kidole, unga na kitunguu na nyanya kwa yale mafuta yako, kijiko kimoja tu kinatosha.